Mtahini Juu ya Jabali

Siku yetu ya mapumziko ilianza saa kumi na moja alfajiri, kwa honi. Mkwe wangu hapigi honi ovyo. Hupiga mara moja tu, fupi, kama mtu anayekohoa mlangoni kwa watu. Mimi nilikuwa nimeshavaa viatu tangu saa kumi, maana mtu akiambiwa kesho anapelekwa kupumzika, usingizi hauji.

Binti yangu alinifungulia mlango wa gari, akanikalisha, akanifunga mkanda kwa mikono yake kama anafunga kifurushi cha posta.

"Umelala vizuri, mama?"

"Nimelala kama mtoto mchanga."

"Mtoto mchanga halali, mama. Niulize mimi."

Ni kweli yeye ndiye wa kuulizwa, kwa sababu ni muuguzi wa wodi ya watoto. Ana mikono laini na maneno makavu. Mumewe, aliyekuwa kwenye usukani, ni mtahini wa udereva. Miaka kumi na tisa amekaa kiti cha pembeni, kibao chenye karatasi magotini, mguu wa kulia juu ya ile breki ya pili wanayowekewa watahini ili waifikie pensheni wakiwa hai. Hapokei kitu mkononi wala chini ya meza. Amewaangusha majirani kwenye mtihani, amemwangusha mwenye nyumba wake wa zamani, na mkewe amemwangusha mara mbili, mara ya pili wakiwa wameshaoana. Siku ile binti yangu alirudi kwangu akalala siku tatu. Nilimpikia, nikamsikiliza, kisha nikamwambia kwamba mume wa namna hiyo hatakudanganya hata siku utakayomwomba akudanganye.

Mwaka fulani tumbo lilimkamata katikati ya mtihani. Mtahiniwa wake, mama mmoja muuza maua, aligeuza gari kwa utulivu, akawasha taa za dharura, akamfikisha hospitali na kuegesha kinyumenyume kwenye nafasi isiyotosha hata mkokoteni. Mkwe wangu, akiwa amelala kwenye machela, aliomba karatasi yake akaandika: mtihani umefutwa, mtahini hakuwa katika hali ya kutahini. Huwa tunaisimulia hadithi hii kila tunapokutana, na yeye mpaka leo haoni kinachotuchekesha.

Wa nne garini alikuwa mjukuu wangu wa miaka tisa. Tunamwita Redio kwa sababu hana kitufe cha kuzimia, na taarifa zake hurudiwa kila baada ya saa moja.

Redio ndiye chanzo cha safari. Mwezi uliopita nilipanda kigoda kubadilisha balbu ya ukumbini kwangu, nikaanguka. Nilianguka kistaarabu, kwa upande, nikainuka nikaendelea na kazi zangu gizani. Lakini Redio alikuwepo. Kufikia jioni taarifa ilikuwa imemfikia mama yake, na katika taarifa hiyo nilipaa, nikagonga ukuta, nikaongea na marehemu babu. Binti yangu akaamua palepale kwamba sitaishi tena peke yangu.

Wameniandalia chumba kwao. Ni chumba kizuri. Kina meza ya pasi, kina baiskeli ya mazoezi ambayo zoezi lake ni kubeba nguo zilizofuliwa, na dirisha linatazama tangi la maji. Kwangu nina vyumba viwili, na cherehani yangu iko dirishani, na asubuhi kila mtoto anayekwenda shule ananisalimia, kwa sababu sare aliyovaa nimeishona mimi. Nimeshona miaka arobaini na mmoja. Nilipouliza cherehani itakaa wapi, binti yangu alinijibu kwa upole, "Mama, sasa utapumzika." Tangu siku hiyo nikilisikia neno hilo natafuta ukuta wa kushika.

Tulibishana wiki mbili. Mwishowe mkwe wangu, ambaye hapendi kelele wakati wa chakula, alitoa suluhisho la kitaalamu. Kuna jangwa, saa mbili kwa gari, na ndani ya jangwa kuna majabali, na kuna njia ya wageni inayopanda mpaka kwenye jabali la kutazamia. Familia nzima ingekwenda huko kupumzika. Wakati tunapumzika, mimi ningepimwa. Nikifika na kurudi kwa miguu yangu, nabaki kwangu. Nikishikwa mkono hata mara moja, nahama mwisho wa mwezi. Binti yangu alikubali kwa sababu alijua nitashindwa. Mimi nilikubali kwa sababu nilidhani jangwa ni tambarare.

Mkwe wangu alikuwa amepiga chapa fomu kabisa. Makosa madogo yalikuwa na visanduku kumi, kosa kubwa lilikuwa na kimoja, na pembeni yake imeandikwa: alisaidiwa.

Tulifika jua likiwa bado na adabu. Langoni palikuwa na mlinzi wa rika langu, mwenye kiti cha plastiki kilichoshonwa kwa waya. Alinitazama miguu, akatazama majabali, akainuka akaniletea fimbo yake mwenyewe, iliyong'aa pale anapoishika kila siku.

"Utanirudishia," alisema. "Mimi leo siendi popote."

Binti yangu alimgeukia mumewe. "Baba Redio, fimbo inaruhusiwa?"

Mkwe wangu aliwaza kidogo. "Dereva anaruhusiwa miwani," alisema. "Fimbo inaruhusiwa." Akaandika kitu.

Kisha akatoa maelezo, akitazama mbele kana kwamba kuna kioo cha gari. Mtahiniwa atatangulia. Afuate mishale myeupe iliyopakwa kwenye mawe. Mtahini atakuwa nyuma na hatazungumza. Nilimwuliza kama ninaweza kuimba. Akasema hakuna kifungu kinachokataza.

Jangwa ni mahali pazuri kwa mtu anayependa kutazama vitu ambavyo havipo. Miti haipo, kivuli hakipo, choo hakipo. Kuna mchanga, na juu ya mchanga kuna mawe makubwa mekundu yaliyopangwa na mtu aliyeitwa kabla hajamaliza. Nilitembea polepole, fimbo mguu, fimbo mguu, na nyuma yangu nikasikia gwaride la jamaa zangu, viatu vipya vya mkwe wangu vikilia kama mlango.

Kila baada ya hatua mia mbili kijiwe kiliingia katika kiatu cha Redio. Lazima tusimame, lazima akae, lazima bibi akae naye ili asikae peke yake. Mara ya tatu niliona kiatu anachokikung'uta hakina kitu. Naye aliona kwamba nimeona.

"Ni kijiwe kidogo sana, bibi," alininong'oneza. "Hakionekani."

"Hivyo ndivyo vibaya zaidi," nikamwambia, nikavuta pumzi zangu taratibu.

Saa moja ilipita hivyo. Kisha njia ikafika mahali majabali mawili yamesimama karibu, katikati yao pana ufa unaopanda juu. Kushoto mchanga uliendelea. Mimi niliona alama nyeupe kwenye mdomo wa ufa, ndefu, imechongoka juu. Nikasimama. Nikamtazama mkwe wangu. Alitazama kibao chake. Mtu aliyekosea huambiwa, nikajisemea, basi sijakosea. Nikaiegemeza fimbo pale chini, nikashika jiwe nikaanza kupanda.

Ufa ule ulikuwa na kimo cha nyumba ya ghorofa mbili. Nilipanda kwa mikono, magoti, na sehemu nyingine ambazo fomu haikuzitaja. Sisemi uongo, nilifurahi. Miguu iliyokanyaga cherehani miaka arobaini na mmoja haijui kuchoka haraka. Inajua tu kuchoka kwa kukaa bure. Redio alinipita kama mjusi. Binti yangu alipanda nyuma yangu, mikono yake miwili ameitanguliza chini ya kiuno changu bila kunigusa, umbali wa kidole kimoja, njia nzima. Aliyataka matokeo fulani, lakini hakutaka yapatikane kwa mimi kuanguka. Nililiona hilo. Mkwe wangu alikuja wa mwisho, kibao amekiuma kwa meno.

Juu palikuwa na nafasi ya ukubwa wa kitanda cha watu wawili. Tulisimama tukihema. Redio ndiye aliyetangaza.

"Ile kule ndiyo ya kutazamia. Ina benchi. Ina watu. Wanatupungia."

Tukatazama. Kweli, ng'ambo kulikuwa na jabali jingine, pana, lenye ngazi zilizochongwa na kamba ya kushikia, na watu wamekaa wanakunywa maji kama binadamu.

"Na ile alama pale chini?" aliuliza binti yangu.

"Mavi ya ndege," alisema Redio. "Mimi nilijua baba atasema."

Binti yangu alimgeukia mumewe taratibu. "Ulijua?"

"Nilijua."

"Ukanyamaza."

"Mtahini hasemi. Nilimpa mama muda wa kujirekebisha." Akakitoa kibao, akaonyesha. "Ni kosa dogo tu. Hakuzingatia alama. Bado ana visanduku tisa."

"Ungetuacha tupande mpaka mwezini."

"Kama mtahiniwa ndiko alikoelekea," alisema mkwe wangu, na hakuwa anatania. Nimeishi miaka mingi, nimeona watu wengi wakipotea, lakini hii ilikuwa mara ya kwanza kuona watu wanapotea kwa kufuata utaratibu.

Binti yangu alimkata jicho, akanyakua kibao na kalamu, akasema sasa atatahini yeye kwa kuwa yeye ana akili. Akashuka na Redio. Ufa ule ulikuwa rahisi kwa anayeligeukia jiwe na kushuka kinyumenyume, na binti yangu alinionyesha mguu unawekwa wapi, kwanza hapa, halafu pale, akijifanya anamwonyesha mtoto. Baada ya dakika tano walikuwa chini, wametutolea macho.

Nilikaa ukingoni nikapima. Kupima ndiyo kazi yangu. Jiwe la kwanza lilikuwa kama kiti, la pili kama kigoda, kisha palikuwa na mteremko wa kuteleza kwa makalio, kisha kiti tena. Ningeweza. Niliona kabisa nikifika chini, nikimrudishia mzee fimbo yake, nikirudi kwenye dirisha langu.

"Tangulia, mama," alisema mkwe wangu.

Sauti yake haikuwa yake. Nikageuka. Alikuwa ameketi katikati ya jabali, mbali na kila ukingo kwa kadiri inavyowezekana juu ya kitanda cha watu wawili. Jasho lilimtiririka mpaka kwenye kola. Mguu wake wa kulia ulikuwa unakanyaga jiwe, unakanyaga, unaachia, unakanyaga.

"Baba, hapo hakuna breki," nilimwambia polepole.

"Naona." Akainamisha uso. "Nyie shukeni. Mimi nasubiri."

"Unasubiri nini?"

Alifikiri kwa uaminifu. "Sijui, mama. Sijawahi kupanda kitu kisicho na usukani. Wakati wa kupanda nilikuwa natazama viatu vya mke wangu. Sasa hakuna pa kutazama."

Kutoka chini binti yangu aliita, "Mama, kuna nini huko?"

Sasa hapo ningeweza kusema kuna nini. Lakini Redio alikuwa chini, masikio wazi, na Jumatatu ofisi nzima ya leseni ingekuwa inajua mtahini mkuu alikwama juu ya jiwe akisubiri. Huyu ni mtu ambaye madereva wote wa mji wanatetemeka mbele yake. Hata kama nisingejali hayo, kumwambia mtu asiogope hakujawahi kumsaidia mtu.

Wako watoto wanaoiogopa tepu ya kupimia. Wanaletwa kupimwa sare, wakiona pini na mkasi magoti yanagongana. Huwa simbembelezi mtoto kama huyo. Nampa ncha ya tepu, namwambia, nishikie hapa vizuri, bila wewe siwezi. Akishakuwa na kazi, anasahau kutetemeka.

Nilitazama chini, pale kalamu ilipokuwa. Nikatazama dirisha langu moyoni, na cherehani, na wale watoto wa asubuhi. Nikajiambia, mwanamke, kwa umri huu ungeweza kuwa na akili zaidi.

"Baba," nilimwambia, "nishike mkono. Miguu imeniishia."

Akainua uso. "Mama, nikikushika..."

"Najua."

"Ni lile kosa kubwa."

"Najua kusoma, baba. Niliiona fomu. Nishike, nisije nikaanguka ukaniandika marehemu."

Alijikokota mpaka kwangu. Akaushika mkono wangu, na loo, huo mkono ulikuwa umelowa kama nguo iliyotoka kwenye beseni. Nikampa kazi. Nikamwambia asitazame kokote ila mguu wangu, aniambie unakwenda wapi, kwa kuwa mimi macho yangu mabovu. Macho yangu yanatunga uzi kwenye sindano bila miwani, ila hilo halikuulizwa.

"Kushoto kidogo, mama. Shuka. Simama. Sasa mimi. Sasa wewe tena, kulia."

Sauti yake ilianza kurudi. Kwenye mteremko wa kuteleza tuliteleza wote wawili kwa makalio, mkono kwa mkono, kwa heshima zote zinazotakiwa kati ya mtu na mama mkwe wake.

"Bibi anashikwa mkono," Redio alitangaza chini.

Nilisikia kalamu ikikwaruza.

"Ila magoti yanayotetemeka ni ya baba."

"Redio, nyamaza," alisema mama yake.

Hiyo ndiyo shida ya kituo kinachotia chumvi kila siku. Siku kikisema kweli, wasikilizaji wameshazima.

Binti yangu alinipokea kwa kunikumbatia. Alilowesha kitambaa akanifuta uso, shingo, na viganja kimoja kimoja, na hakusema hata mara moja kwamba alinionya. Alisema tu, "Umejitahidi, mama," macho yake yakiwa mekundu, akaniwekea fimbo mkononi. Alikuwa ameshinda, na alikuwa analia kuliko mimi. Njiani kurudi nilitembea nikikipima kile chumba cha kwao kichwani. Baiskeli ikitoka, cherehani inaingia. Lakini mlango hautafunguka.

Langoni palikuwa na kivuli cha kibanda, tukakaa kula. Mayai ya kuchemsha, mkate, machungwa. Nilimrudishia mzee fimbo yake pamoja na mayai mawili na chungwa lililokwisha menywa, na yeye akaipangusa fimbo akanishukuru kana kwamba mimi ndiye niliyempa. Mkwe wangu hakula. Aligeuza yai lake mkononi mpaka ganda likatoka lenyewe.

"Nipe karatasi," alimwambia mkewe.

"Nimeshajaza."

"Nipe."

Aliisoma yote, juu mpaka chini, kama hakuiandika yeye. Kwenye kile kisanduku kimoja palikuwa na alama ya binti yangu, nzito, ya mtu aliyebonyeza kalamu kwa uchungu.

"Hii alama si sahihi," alisema.

"Nimeona kwa macho yangu. Ulimshika."

"Nilimshika. Lakini aliyesaidiwa ni mimi."

Redio aliacha kutafuna. Nilimkanyaga mkwe wangu mguu kidogo, chini, kumwambia anyamaze. Hakunyamaza. Ndivyo alivyo.

"Nilishindwa kushuka," alimwambia mkewe, akiyatoa maneno moja moja kama mtu anayesoma matokeo. "Mwili uligoma. Mama aliliona. Akasema miguu imemwishia yeye, ili nipate cha kufanya. Angeweza kushuka peke yake. Alijua lile kosa ni kubwa kiasi gani, na akalifanya."

Binti yangu alinitazama. Nikajitia nalichambua chungwa.

"Mama, ni kweli?"

"Mimi sikumbuki," nilisema. "Si unasema nazeeka?"

Mkwe wangu alikata ile alama kwa mstari mmoja, akatia saini pembeni, kwa kuwa wao kila kinachofutwa lazima kitiwe saini. Kisha akaandika chini ya ukurasa, kwa herufi zake za kuchapa, na akatusomea: mtihani umefutwa, mtahini hakuwa katika hali ya kutahini.

"Kwa hiyo amefaulu?" aliuliza Redio.

"Hapana. Umefutwa. Atarudia."

"Lini?" aliuliza binti yangu, mikono kiunoni.

Mkwe wangu alikunja karatasi mara nne, akaitia mfukoni mwa shati.

"Tarehe itatangazwa," alisema.

Hakuna mtu mwenye akili timamu asiyejua maana ya maneno hayo yakitoka ofisini. Mimi nina ombi la bomba la maji ambalo tarehe yake itatangazwa tangu Redio hajazaliwa. Binti yangu aliutazama ule mfuko. Kisha akaanza kucheka, yule yule binti yangu wa maneno makavu, akacheka mpaka akalala begani kwa mumewe. Mzee wa lango naye akacheka, bila kujua kuna nini.

Tulifika kwangu jua bado lipo. Mkwe wangu aliingia ndani bila kuambiwa, akatoa balbu mpya kwenye mkoba, akaichomeka ukumbini akiwa amesimama chini kwa miguu yake mirefu, akajaribu swichi mara tatu. Halafu akauliza, "Kigoda chenyewe ni hiki?"

"Ndicho."

Akakibeba chini ya kwapa kama ushahidi, akakitia kwenye buti la gari, akapiga honi mara moja, fupi, wakaondoka. Hawa ndio wanangu. Niliketi dirishani nikawapungia mpaka kona.

Sikumwambia mkwe wangu kwamba kigoda kingine kiko uvunguni.